Maji ya fonteni: namna tulifika hapa



Wengine wanasema komite ya maji ni kitu cha miradi ya juzi. Hapana, iko na historia yake.

Regideso ilizaliwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji, na miaka mingi maji ya miji ilikuwa kazi yake peke yake. Mwananchi alikuwa mteja tu: anafungua robine, analipa fakture. Mpango ule ulifaa mji mdogo. Miji ikakua, vita ya 1996 ikaanza, tiyo zikazeeka, na makartie ya pembeni hayakufikiwa. Watu wakarudi mtoni na ziwani na bidoni zao. Huku Uvira kila mtu anajua bidoni ya ziwa inaleta nini: kolera.

Wakati ule wengi wetu tulikuwa Tanzania. Kule Nyarugusu na Lugufu maji ilikuwa na saa yake. Bidoni zinapangwa mstari, mama wa komite anasimamia, na ukiruka mstari, hata kama wewe ni mzee, unarudishwa nyuma. Lugufu ilifungwa 2009. Tulivuka Tanganyika na masufuria yetu, na ile desturi ya mstari tulikuja nayo.

Wenzetu wa Kinshasa na Mbuji-Mayi walifika mbali zaidi. Kwa msaada wa Ubelgiji na shirika ADIR, makartie ya pembeni yalipata visima vya pompi, matanki na fonteni, na watumiaji wenyewe wakaunda ASUREP. Mkutano mkuu unachagua wasimamizi. Maji inauzwa kwa bidoni ya lita 20, na zile frank zinalipa fundi, mama wa fonteni, pia akiba ya siku pompi itakufa. Siri yote iko kwa ile akiba. Mfadhili anatoa pompi ya kwanza. Ya pili ni ya watu wa mtaa. (Wafadhili wetu watusamehe, lakini ni kweli.) Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 ikakubali kazi hii isibaki ya Regideso peke yake.

Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Siku kama zile, mtaa usio na akiba unangoja tu.

Ndiyo maana mkutano ujao utajadili frank ngapi kwa kila bidoni ziende akibani. Wako wanaosema maji iwe ya bure juu watu ni maskini. Waje waseme mbele ya wote, na mtunza hazina atakuja na daftari yake wazi.