Vita Iliyoanzia Mbali Ikatuachia Kariakoo

Kila siku makonda wanaliita: "Kariakoo! Kariakoo!" Tumelizoea jina hilo mpaka limekosa maana, ni kama kusema "sokoni" tu. Mimi mwenyewe nimepanda daladala za huko miaka nenda miaka rudi kabla sijajua kwamba ni jina la kikosi cha jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kambi yao ilikuwa hapo hapo tunaponunua nyanya na viatu. Jina likapita katika vinywa vya wazee wetu, likatoka Kariakoo.

Shuleni tulifundishwa vita hiyo. Mwalimu aliandika ubaoni sababu zake, tukanakili, tukakariri kwa Kiingereza, tukajibu mtihani, tukasahau. Katika daftari langu hamkuwa na mtu hata mmoja. Mlikuwa na "sababu" na "matokeo" basi. Sasa, ndugu msomaji, sisi tunaotaka kuandika riwaya tunajua kwamba hadithi isiyo na watu si hadithi. Ndiyo maana nimeamua kuianza upya.

Tuanze na kijana. Anaitwa Gavrilo Princip, umri wake miaka 19, Mserbia wa Bosnia. Jumapili ya tarehe 28 Juni 1914 yuko mjini Sarajevo na bastola mfukoni. Mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, Franz Ferdinand, amekuja kutembelea mji na mkewe Sophie. Asubuhi hiyo mwenzake Princip ameshatupa bomu, likawakosa. Mpango umeharibika. Halafu dereva wa mrithi anakosea njia, anaingia mtaa asiotakiwa, gari linasimama karibu kabisa na mahali aliposimama Princip. Risasi mbili. Mume na mke wakafa.

Msiba wa nyumba moja, unaweza kusema. Lakini wakubwa wa Ulaya walikuwa wamefungana kwa mikataba kama samaki waliotungwa kwenye uzi mmoja: ukivuta huyu, wote wanakuja. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita dhidi ya Serbia. Urusi ikajiandaa kuitetea Serbia. Ujerumani, rafiki wa Austria, ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti, na dhidi ya Ufaransa tarehe 3. Kesho yake Wajerumani wakaingia Ubelgiji, nchi ambayo haikuwa na ugomvi na mtu, ili waizunguke Ufaransa. Uingereza nayo ikaingia siku hiyo hiyo. Wiki moja tu, bara zima linawaka.

Hesabu ya Wajerumani ilikuwa ya haraka: wamalize Ufaransa kwa wiki kama sita, kisha wageukie Urusi. Wapi! Septemba 1914 walizuiwa kwenye mto Marne, si mbali na Paris. Baada ya hapo kila jeshi likajaribu kumzunguka mwenzake upande wa kaskazini, wakafukuzana hivyo mpaka bahari ikawazuia. Wakabaki wanatazamana. Wakachimba.

Mahandaki hayo yalitoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, karibu kilomita 700. Ni kama utoke Dar es Salaam uende Arusha na kupitiliza, njia nzima ni mitaro ya tope, panya na chawa, na watu wanaishi humo. Miguu ilioza kwa kulowa. Katikati ya mahandaki ya pande mbili palikuwa na uwanja ambao si wa mtu yeyote, umejaa seng'enge na maiti.

Kwa nini walikwama? Hilo mwalimu hakutuambia, nami lilinisumbua. Jibu ni kwamba silaha za kuzuia zilikuwa zimezipita mbali mbinu za kushambulia. Watu wachache wenye bunduki za rashasha waliweza kusimamisha mamia. Na hata ukilivunja handaki la adui, askari wako wanasonga kwa miguu ndani ya tope, wakati yeye analeta wengine kwa treni. Kabla hujapumua, tundu limezibwa. Lakini majenerali waliendelea kuamini kwamba safari hii itakuwa tofauti. Tarehe 1 Julai 1916, kwenye mto Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa siku moja. Kati yao 19,240 walikufa. Huko Verdun, Wafaransa na Wajerumani walichinjana kuanzia Februari hadi Desemba mwaka huo huo. Gesi ya sumu ilikwisha kutumika Ypres, Aprili 1915. Vifaru vikaletwa Septemba 1916. Bado hapakufunguka.

Mlango wa mbele ukikomewa, mtu hutafuta mlango wa uani. Hivyo ndivyo vita ilivyopanuka. Japani ilikuwa imeingia tangu Agosti 1914, ikanyakua Tsingtao, koloni la Wajerumani nchini China. Uturuki ikaingia upande wa Ujerumani mwishoni mwa mwaka huo; Waingereza na Wafaransa wakajaribu kupenya kupitia Gallipoli mwaka 1915, wakashindwa, wakaondoka. Italia ikaingia Mei 1915, Bulgaria Oktoba, Ureno na Romania mwaka 1916. Marekani ikafuata Aprili 1917, baada ya nyambizi za Wajerumani kuzamisha meli bila kuchagua. Na wenye makoloni wakaita watu wa makoloni. Wahindi, Waaljeria na Wasenegali wakajikuta kwenye tope la Ufaransa, wanapigania mipaka ambayo hawajawahi kuiona hata kwenye ramani.

Huku kwetu je? Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni lisiguswe na vita. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaza tofauti: kila askari wa Kiingereza atakayehangaishwa Afrika ni mmoja aliyepungua kule kwenye mahandaki. Hapo ndipo uzi wa Sarajevo ulipotufikia. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliipiga mizinga Dar es Salaam. Novemba, Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waingereza wakapigwa, na kana kwamba haitoshi, nyuki nao wakawavamia. Wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Lakini hapa vita haikukaa kwenye mahandaki. Ilitembea. Kuanzia 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilimfukuza Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro kwenda kusini, na Wabelgiji wakashuka kutoka Kongo mpaka Tabora. Farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo walikufa kwa mbung'o. Mvua ikavunja barabara. Sasa chakula na risasi zibebwe na nani?

Piga hesabu nami. Mtu anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Kinachomfikia askari ni kilo 5. Kwa hiyo unahitaji mpagazi wa kumlisha mpagazi, na mwingine wa kumlisha huyo. Ndiyo maana Waingereza walichukua watu karibu milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwetu hapa. Wengi hawakuomba kazi hiyo. Walikamatwa vijijini, au machifu walipewa idadi ya kutimiza. Kwa makadirio, karibu laki moja walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga ulioiva nusu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Wapagazi wa Wajerumani hakuna aliyewahesabu vizuri. Na huko Ugogo, majeshi yalipokwisha kupita na kuchukua chakula na ng'ombe, mvua nayo ikakataa. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya.

Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alijisalimisha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Mkataba wa Versailles ulisainiwa tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu risasi za Princip. Tanganyika ikapewa Uingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji. Aliyebeba mzigo hakuulizwa.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini jina la mtu hakuna. Kule Ufaransa, kila Mwingereza aliyeanguka alitafutiwa jiwe lenye jina lake, na asiyeonekana mwili akaandikwa ukutani. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika na Mashariki ya Kati.

Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Nataka kuandika riwaya ya mpagazi mmoja, kutoka kijijini mpaka alipoanguka. Nimemjua mzigo wake, nimemjua chakula chake, hata ugonjwa wake. Jina sina. Nikimbunia, nitakuwa nimemfufua, au nimemfukia mara ya pili? Sijapata jibu.

Lakini jambo moja tunaweza kulifanya kabla ya riwaya. Ukienda likizo, muulize bibi au babu kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyechukuliwa na Wajerumani au Waingereza kubeba mizigo asirudi. Wao hawakumwona, ila huenda walisikia kwa wazazi wao. Wakikupa jina, liandike. Hata kama hutaandika kingine chochote maishani, hilo liandike.