Mwanzo wa Televisheni ya Zanzibar

Televisheni ya Zanzibar ilianza kazi mwaka 1973, nayo hutajwa kuwa ya kwanza kutangaza kwa rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini kwa picha nyeusi na nyeupe. La kustaajabisha zaidi ni kwamba Tanzania Bara, iliyoungana na Zanzibar mwaka 1964, haikupata kituo chake mpaka mwaka 1994. Yafaa kuuliza ilikuwaje nchi moja ikawa na shauri mbili katika jambo moja.

Sababu ya kwanza ni ya sheria. Utangazaji haukuwekwa katika Mambo ya Muungano, basi kila Serikali ilishika wake. Ya pili ni ya mali na ardhi: Zanzibar ilikuwa na fedha za karafuu, na visiwa vyake ni vidogo, ilhali Bara ni nchi pana ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na umeme. Ya tatu, iliyo kubwa, ni ya itikadi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini, na redio ndiyo iliyomfikia mkulima. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake; lakini mawimbi hayajui mpaka. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa na vyombo walisimamisha antena zao kuelekea baharini, wakatazama matangazo ya Unguja.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa na wachunguzi wa lugha. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kwa miaka ishirini na zaidi, kituo pekee cha televisheni nchini kilikuwa katika mji ule ule, na Waswahili wa ng'ambo ya pili wakakisikia Kiswahili hicho pamoja na kuziona nyuso za wasemaji wake.

Sheria ya mwaka 1993, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyewahi kuwa Rais wa Zanzibar, iliwafungulia mlango watangazaji binafsi wa Bara. Mwaka 2013 televisheni ya Zanzibar iliunganishwa na redio ya Serikali kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Upekee wake ulikwisha. Lakini historia ya televisheni ya Tanzania haina budi kuanzia visiwani.