Elimu ya Kukata Nguo, na Watu Walioiuza

Katika kazi ya ushoni, lililo gumu si sindano. Mtoto wa miaka minane aweza kufundishwa kupiga bandi na kukunja pindo, na baada ya miezi michache mshono wake utanyoka. Ugumu uko katika mkasi. Mshono mbaya hufumuliwa ukashonwa tena, lakini kitambaa kikisha kukatwa vibaya hakina dawa, nayo hasara ni ya fundi au ya mwenye kitambaa. Kwa hiyo mafundi wa nchi nyingi wamekuwa wakiwapa wanafunzi wao sindano upesi na mkasi kwa kuchelewa sana. Wengine wamekufa bila kumpa mtu.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatukuuona ugumu huu kwa ukali wake wote. Kanzu hukatwa kwa vipande vilivyonyoka: kiwiliwili, mikono, taharizi za ubavuni na vikwapa. Nguo huning'inia kutoka mabegani, na inchi moja kuzidi au kupungua kifuani haimwaibishi mtu mbele ya wenzake. Kanga na shuka hazihitaji fundi wa kukata. Lakini gauni la Kizungu la karne ya 19 lilishikamana na mwili tangu shingo hata kiuno kama ganda linavyoshikamana na tunda, na kiwiliwili chake kilikuwa na vipande vingi, kila kipande na mzingo wake. Mwanamke aliyejua kukata gauni la namna ile alikuwa na mali mkononi. Habari ninazotaka kueleza ni za watu wa Marekani waliojaribu kuiuza elimu hiyo yenyewe, wala si nguo tu; wengine kwa kufundisha darasani, wengine kwa kuikata katika karatasi.

Nitaanza na Elizabeth Keckley, maana kwake mkasi ulikuwa njia ya kutoka utumwani. Alizaliwa mwaka 1818 katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia. Mama yake, Agnes, alikuwa mtumwa na mshonaji wa nyumba ya bwana wake, na kwake ndiko binti alikojifunzia sindano. Alipokuwa mtu mzima alipelekwa St. Louis pamoja na jamaa waliommiliki. Jamaa hao wakafukarika, na bwana akafanya shauri la kumkodisha Agnes, aliyekuwa mzee, akafanye kazi katika nyumba za watu. Elizabeth hakuvumilia jambo hilo. Akasema atashona yeye. Akatafuta kazi kwa mabibi wa mji, na sifa ya mkono wake ikaenea, hata kwa muda wa miaka 2 na miezi 5 akawalisha kwa sindano yake watu 17, mabwana na watumwa pamoja. Msomaji na apime mwenyewe ni nani katika nyumba ile aliyekuwa akimtegemea mwenziwe.

Akaomba kujikomboa, yeye na mwanawe George. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 1,200. Alipotaka kusafiri kwenda New York kutafuta msaada, akaambiwa alete kwanza sahihi za waungwana sita, watakaolipa hasara asiporudi. Watano akawapata. Wa sita alikuwa tayari kutia mkono wake, lakini alimwambia wazi kwamba haamini kuwa atarudi. Elizabeth akaikataa sahihi yake, akaenda zake nyumbani akilia. Mtu mwingine angalichukua sahihi na kuyasahau maneno. Yeye hakutaka kukombolewa na mtu aliyemdhania mwongo. Baadaye bibi mmoja miongoni mwa wale aliowashonea alikusanya fedha kwa marafiki zake. Elizabeth aliipokea kama mkopo, akapata hati ya uhuru mwezi wa Novemba 1855, kisha akashona mpaka deni lote likaisha.

Mwaka 1860 akaondoka St. Louis, akafika Baltimore. Hapo akafanya jambo ambalo waandishi wengi hulipita kwa haraka ili wafikie habari za Ikulu, nami naliona kubwa kuliko wanavyolidhani. Alikuwa amekwisha kutengeneza taratibu yake mwenyewe ya kupima na kukata magauni, akafungua madarasa kwa wasichana weusi ili awafundishe taratibu hiyo kwa malipo. Akafundisha majuma sita. Jambo halikufaulu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alitoka Baltimore akiwa na fedha zilizomtosha kwa shida kulipa nauli ya kwenda Washington.

Kwa nini mwalimu hodari kama huyu alishindwa? Baltimore ulikuwa mji wenye watu weusi huru wengi kuliko mji wo wote wa Marekani wakati ule, zaidi ya 25,000. Basi wanafunzi hawakukosekana kwa idadi. Nadhani sababu ni ile ambayo sisi walimu twaijua. Msichana anayefua nguo za watu kwa ujira wa siku hawezi kukaa darasani bila kuupoteza ujira wa siku ile; atalipa mara mbili, kwa mwalimu na kwa tumbo lake. Tena elimu ya kukata haionyeshi faida mpaka imekamilika, na majuma sita hayatoshi kuikamilisha. Mwalimu naye alikuwa mgeni katika mji, na nyuma yake hapakuwa na shule, wala chama, wala akiba ya kumngojea.

Huko Washington alishona kwanza kwa ujira wa dola mbili na nusu kwa siku. Mmoja wa aliowashonea alikuwa Varina Davis, mke wa Jefferson Davis, aliyekuja kuwa mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyoasi. Mwezi wa Machi 1861, Rais Lincoln alipokwisha kuapishwa, mkewe Mary Lincoln aliwaita washonaji wanne, akamchagua Bibi Keckley. Mwaka ule ule George, aliyekuwa amesoma katika chuo cha Wilberforce huko Ohio, aliingia jeshini akihesabiwa kuwa mtu mweupe, kwa sababu weusi hawakupokelewa bado. Akauawa tarehe 10 Agosti 1861 katika vita vya Wilson's Creek. Alikuwa mwana wake wa pekee.

Sasa tuwaache Washington, tuitazame njia ya pili, iliyoanza mwaka ule ule wa madarasa ya Baltimore. Ellen Curtis alizaliwa mwaka 1824 huko Schuylerville, jimbo la New York. Katika ujana wake alifungua duka la kofia za mabibi, na mwaka 1858 akaolewa na mfanyabiashara William Jennings Demorest. Husimuliwa kwamba siku moja alimwona mtumishi wake wa nyumbani akikata gauni kwa kufuata vipande vya karatasi ya kufungia vitu, na hapo ndipo alipopata fikira yake. Kama kisa hiki ni kweli, basi mwanzo wa biashara kubwa ulikuwa katika akili ya mtumishi, na jina la mtumishi huyo halimo katika masimulizi. Mwaka 1860 Bibi Demorest na mumewe wakatoa gazeti la mitindo ya mavazi, na ndani ya kila nakala wakatia kiolezo cha karatasi. Mwanamke aliyekaa shambani, mbali na fundi ye yote, alikiweka juu ya kitambaa, akapitisha mkasi ukingoni. Biashara ikakua, hata mwaka 1876 violezo vilivyotolewa nao vilizidi milioni 3. Katika vyumba vyao vya kazi waliwaandika wanawake weusi kwa masharti yale yale ya wanawake weupe, na jambo hili katika siku zile halikuwa la kawaida.

Lakini kiolezo cha namna ile kilikuwa na upungufu mmoja: aghalabu kilitoka kwa kipimo kimoja tu. Mwenye mwili mkubwa au mdogo ilimpasa akipanue au akipunguze mwenyewe, na huko kupanua ndiko kulikohitaji elimu ile ile aliyoikosa.

Aliyeuondoa upungufu huo alikuwa fundi wa nguo za wanaume, Ebenezer Butterick, aliyezaliwa mwaka 1826 katika mji mdogo wa Sterling, jimbo la Massachusetts. Masimulizi ya nyumba yake yasema kwamba mkewe, Ellen, alikuwa akimshonea mtoto nguo akaona taabu, akamwambia ingefaa kiolezo kilicho sawa na ukubwa wa mtoto mwenyewe. Mwaka 1863 wakaanza kuuza violezo vya vipimo mbalimbali, jamaa nzima wakikata na kukunja nyumbani.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana jambo laonekana jepesi, wala si jepesi. Mtu asiyejua atadhani kwamba ukiwa na kiolezo cha mtoto wa miaka minne waweza kupata cha mtoto wa miaka minane kwa kukuza kila upande sawasawa. Ukifanya hivyo utapata nguo ya kuchekesha. Mtoto akikua, miguu hurefuka sana, kifua hutanuka kiasi, na shingo huongezeka kidogo tu. Kila sehemu ina mwendo wake. Fundi wa nguo za wanaume alikuwa akilijua jambo hili kwa kupima miili mingi miaka mingi, na elimu hiyo ndiyo Butterick aliyoitia katika karatasi. Alianza na nguo za wanaume na za watoto wa kiume. Iliyopendwa sana ilikuwa mavazi ya watoto yaliyofuata mtindo wa Garibaldi, yule shujaa wa Italia. Karatasi za kwanza zilikuwa ngumu, zisizokunjika vema kwa kutumwa kwa posta. Akaziacha, akatumia karatasi nyembamba laini. Mwaka 1864 akawa na ofisi katika njia ya Broadway mjini New York, na mwaka 1866 akaongeza magauni ya wanawake. Kufika mwaka 1876 kampuni yake ilikuwa na mawakala kama 1,000.

Wakati nao ulimsaidia. Cherehani ya Isaac Singer ilipata hati mwaka 1851, na tangu mwaka 1856 iliuzwa kwa kulipa kidogo kidogo, hata watu wa kipato cha kadiri wakaipata. Kushona kukawa kwepesi, na kukata kukabaki kugumu kama zamani. Tena vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865, vilikata pamba ya Kusini. Sisi tunavikumbuka vita hivyo bila kujua: nguo ya merikani, iliyokuwa ikiletwa Unguja na majahazi ya Salem, katika jimbo lile lile la Massachusetts, ilipungua sana miaka ile, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Kitambaa kilipokuwa ghali hata kwa wenyewe, naona kwamba kipande cha karatasi cha kumwepusha mtu na kosa la mkasi kilistahili bei yake.

Hata hivyo karatasi haikuwa mwalimu kamili. Violezo vya kwanza havikupigwa chapa neno lo lote. Vilikuwa na vitundu na vikato tu, na mnunuzi alipaswa kujua kitundu hiki chaonyesha rinda na kile chaonyesha mahali pa kuunganisha. Waliojua walifurahi, wasiojua walibaki na fumbo mkononi. Ilipita miaka zaidi ya hamsini kabla ya kampuni ya Butterick kuanza, mwaka 1919, kutia pamoja na kiolezo karatasi ya maelezo yenye picha. Na mwaka 1916 Mary Brooks Picken alifungua huko Scranton, Pennsylvania, chuo cha kufundisha wanawake ushoni kwa njia ya barua. Masomo yakafuatana hatua kwa hatua, na mwanafunzi akabaki kwake na kazi yake. Kwa mpango huo msichana wa Baltimore angaliweza kujifunza usiku.

Na Bibi Keckley? Mwaka 1868 alitoa kitabu cha maisha yake, na kwa kuwa kilieleza mambo ya ndani ya nyumba ya Lincoln, Mary Lincoln alikasirika wasipatane tena, na mabibi wengi wakaacha kumpa kazi. Lakini mwaka 1892, umri wake ukiwa umepita miaka 70, aliitwa Wilberforce, chuo kile kile alichosoma marehemu mwanawe, awe mkuu wa idara ya ushoni na kazi za nyumbani. Safari hii palikuwa na chumba, na wanafunzi waliokaa shuleni, na muda. Mwaka 1893 alipeleka kazi ya mikono katika maonyesho makubwa ya Chicago. Kisha afya ikamvunjika, akarudi Washington, akafa mwaka 1907.

Katika jumba la makumbusho la Smithsonian kuna gauni la Mary Lincoln la mahameli ya zambarau, linaloaminiwa kuwa ni kazi yake. Sketi ni moja, na viwiliwili ni viwili, kimoja cha mchana chenye mikono mirefu, na kimoja cha usiku kilicho wazi shingoni. Vyote viwili vimekatwa vikae juu ya kiuno kile kile.