NJAA, GHARIKA NA HURUMA YA KIKRISTO
Mambo Tuliyorithi Tangu Mwaka 1898



Hesabu za fedha zimekwisha kusomwa katika kurasa zilizotangulia. Yafaa sasa tutazame nyuma kidogo, maana chama kisichojua kilikotoka hakiwezi kujua fedha zake ni za kazi gani. Nimechagua habari za misiba ya ukame na mafuriko, na jinsi watu walivyosaidiana ndani yake, kwa sababu habari hizo zajibu swali ambalo kila chama cha ustawi huulizwa: Je, mfuko wa chama ni wa mwenye kulipa ada peke yake, ama ni wa kila mwenye njaa aliyesimama mlangoni?

Njaa ya 1898 hadi 1900

Wakamba waliiita njaa ile Ngomanisye, yaani ile iliyoenea kila mahali. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilifuatana na kuja kwa wageni na reli. Haikuja kwa sababu moja. Kwanza ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka katika miaka ile ya 1890. Kisha nzige walikula mimea, na mvua zikakosekana msimu baada ya msimu. Tena, watu wengi walikuwa wameuza nafaka zao kwa misafara iliyopita njiani, na ghala zikabaki nyepesi wakati ulipokuwa ukikaribia wa kuzihitaji. Mwisho ndui ikaingia katika miili iliyokwisha kudhoofika, ikamaliza waliosazwa na njaa.

Watu walitoka makwao wakaenda kutafuta chakula katika nchi za juu, Embu na Murang'a na kwingineko, ambako mvua haikukatika kabisa. Hapo ndipo tunapoona namna mbili za kumpokea mwenye shida. Walikuwako waliopokewa kwa sababu ya undugu wa damu uliofanywa zamani na baba zao katika biashara. Hao walipewa chakula na shamba la kulima, na mvua iliporudi wakarudi kwao na heshima yao. Lakini walikuwako pia wazazi waliolazimika kuwaweka rehani binti zao, na waume wake zao, ili watoto wale na wazee wapate vibaba vichache vya kuwafikisha kesho. Baada ya njaa wengine walikombolewa, na wengine hawakurudi tena. Twaweza kusema kwamba wote wawili, mwenyeji wa kwanza na mwenyeji wa pili, walitoa chakula. Tofauti ni kwamba wa kwanza alimpa mtu chakula, na wa pili alimnunua mtu kwa chakula.

Misheni nazo zilikuwa changa wakati ule. Misheni ya Waskoti, iliyoanza Kibwezi mwaka 1891, ilikuwa imehamia Ukikuyu mwaka 1898 chini ya Bwana Thomas Watson, na njaa ikaikuta hapo ikiwa haijatia mizizi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kituo chao cha St. Austin's karibu na Nairobi mwaka 1899, katikati ya dhiki hiyohiyo. Bwana Watson na mkewe, Bibi Minnie Watson, aliyefika mwaka 1899, waliwalisha wenye njaa na kuwauguza wagonjwa waliofika kwao. Bwana Watson alifariki mwaka 1900. Mjane wake hakufunga mizigo akarudi kwao. Aliendelea na kazi ya Thogoto, akakaa huko mpaka mwaka 1931. Reli nayo, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilileta mchele kutoka Bara Hindi kwa ajili ya kugawiwa watu. Hivyo njia ileile iliyopitisha shida ilipitisha na msaada.

Yapasa tuseme kweli yote. Baadhi ya waliolishwa katika misheni, hasa watoto yatima, walibaki huko wakawa miongoni mwa wasomaji wa kwanza. Twashukuru kwa elimu waliyopata. Lakini twajua pia kwamba mtu mwenye njaa hawezi kukataa neno lolote analoambiwa na mwenye sufuria. Kwa hiyo Mkristo hana budi kujichunguza: chakula kisiwe chambo. Msamaria wa mfano wa Bwana wetu hakumwuliza yule majeruhi dini yake, wala hakumtaka amfuate nyumbani. Alimfunga majeraha, akamlipia nyumba ya wageni, akaenda zake.

Ukame na gharika ya 1961

Miaka sitini ikapita. Mwaka 1960 na mwanzo wa 1961 mvua zilikosekana tena katika sehemu nyingi za Kenya, mahindi yakakauka na mifugo ikafa. Kisha, tangu Oktoba 1961, mbingu zikafunguka. Mto Tana ulifurika, barabara na madaraja yakachukuliwa, na watu waliokuwa wakilia ukame wakawa wakilia gharika kabla machozi ya kwanza hayajakauka. Ziwa Victoria liliendelea kupanda hata katikati ya mwaka 1964 likawa limeongezeka yapata mita mbili na nusu, na wenyeji wa pwani zake wakahama mashamba ya baba zao.

Chakula kililetwa kutoka ng'ambo, pamoja na mahindi ya manjano ya Marekani, na mahali palipokatwa na maji magunia yaliangushwa kwa ndege. Ndiyo sababu Wakamba waliiita njaa ile Ndeke, yaani ndege. Nchi ilikuwa karibu na Uhuru wa 12 Desemba 1963, na siasa zilikuwa zikiwagawanya watu. Lakini maji hayakuuliza mtu ni wa chama gani. Baadaye, mwaka 1965, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kilisimamishwa kwa sheria ya Bunge, na nchi ikawa na mkono wake yenyewe wa kazi hiyo.

Neno moja la 1984

Ukame mwingine mkubwa ulikuja mwaka 1984. Wakamba waliupa jina Nikwa Ngwete, maana yake, nakufa na hali ninazo mkononi, yaani fedha. Watu walikuwa na shilingi, lakini madukani hamkuwa na unga. Jina hilo ni fundisho kubwa kwa sisi tunaoweka akiba. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini noti haipikwi. Chama chenye fedha katika benki na kisicho na gunia moja ghalani kimejiandaa nusu tu.

Mfano wa Antiokia

Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, kwamba nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, nayo ikaja katika siku za Klaudio. Kanisa la Antiokia, lililokuwa na Wayunani ndani yake, likachangia ndugu wa Uyahudi. Katika habari hiyo fupi mna kanuni nne. Walichanga mapema, mara waliposikia onyo. Kila mmoja alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, si kwa kiwango kimoja kwa tajiri na maskini. Msaada ulivuka mpaka wa kabila. Tena ulipelekwa kwa wazee wa kule kwa mikono ya watu wawili, Barnaba na Sauli, wala si mmoja peke yake. Na sisi tushikao vitabu vya hesabu twajua hekima ya jambo hilo.

Jibu kwa swali letu

Basi, wazee wangu, kijana wenu naomba kutoa shauri kwa heshima. Ada ya mwanachama ni haki yake, na mazishi, ugonjwa na karo zilizomo katika kanuni zetu zisiguswe. Lakini sehemu ya mapato ya kila mwaka itengwe mbali, iitwe fungu la misiba, na nusu yake inunuliwe nafaka baada ya mavuno, wakati bei iko chini. Nafaka isiyotumika iuzwe kabla haijaharibika, na mpya iwekwe mahali pake. Fungu hilo litolewe kwa sahihi mbili, na orodha ya wapewaji itengenezwe na wazee wa mahali penye msiba, maana wao ndio wajuao nyumba ya mjane. Wala asiulizwe mtu kadi ya chama, kabila, wala kanisa.

Mtu aweza kusema, "Wageni watatumalizia." Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa mfuko wetu ni mdogo. Ndiyo maana nasema fungu litengwe: likiisha, limekwisha, na haki za wanachama zimebaki salama. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yaliwachukua watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala. Hakuna hata mmoja wao aliyejua jioni ile kwamba kesho jamaa zake watakuwa wageni wenye kuhitaji. Nasi hatujui zamu yetu ni lini.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Majina ya wale wenyeji wa Embu na Murang'a waliowapokea wageni mwaka 1899 bila kuwaweka rehani hayamo katika vitabu, lakini wajukuu wa waliopona wapo. Mungu atujalie tuhesabiwe pamoja na wenyeji hao.