Miaka 50 ya dawa tatu za Milan

Februari 2026 ilitimia miaka 50 tangu daktari wa Italia, Gianni Bonadonna, achapishe matokeo yaliyogeuza tiba ya saratani ya matiti. Alichanganya dawa tatu baada ya upasuaji, mbili kati yake zikiwa za kukwamisha umetaboli wa chembe: methotreksati na fluorourasili. Methotreksati hufanana na folati, kirutubisho ambacho chembe hukihitaji ili itengeneze vinasaba. Ikishaingia hung'ang'ania kimeng'enya kinachoshughulikia folati, na kazi inasimama. Ya tatu, saiklofosfamidi, hushambulia vinasaba vyenyewe.

Njia ilifunguliwa Boston mwaka 1948, Sidney Farber aliporipoti kuwatibu watoto wenye saratani ya damu kwa dawa ya jamii ya methotreksati. Mwaka 1951 Jane Wright, daktari Mmarekani Mweusi wa Hospitali ya Harlem, alionyesha na wenzake kwamba hata uvimbe wa matiti hunywea kwa dawa hizo.

Mbona basi jaribio kubwa likafanyika Milan? Vincent DeVita, aliyekuwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, anasimulia kwamba vituo vikubwa vya kwao vilikataa. Wapasuaji ndio waliokuwa na kauli ya mwisho, na tangu zama za mpasuaji Mmarekani Halsted walikuwa wakiondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja. Kumpa mchanganyiko wa dawa kali mwanamke ambaye uvimbe wake umeshaondolewa, kwao halikuwa jambo la kukubalika. Paul Carbone wa taasisi hiyo akageukia Milan, alikokuwa mpasuaji Umberto Veronesi mwenye wagonjwa wengi. Bonadonna akaalikwa Marekani, akaonyeshwa matokeo ambayo hayajachapishwa, na mwaka 1973 akaanza kazi kwa fedha za Wamarekani walewale.

Wanawake wa Milan walikubali mzigo mzito: vidonge siku 14 mfululizo, sindano siku ya 1 na ya 8, mapumziko, kisha kuanza upya, mizunguko 12, pamoja na kichefuchefu na nywele kunyonyoka. Baada ya miezi 27, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 24 ya wanawake 179 waliopasuliwa tu. Kwa wale 207 waliopewa dawa, asilimia 5.3. Heshima ya kwanza ni yao.

Tangu hapo dawa nyingine za umetaboli zimejaribiwa. Metformini ya kisukari ilitarajiwa sana, lakini matokeo ya 2022 hayakuonyesha faida ya jumla.

Na Jane Wright? Mwaka 1961 alikuja Kenya kutibu wagonjwa wa saratani, na baadaye akawa makamu wa rais wa AMREF, shirika la afya lililozaliwa hapa Afrika Mashariki. Inaudhi kwamba jina lake halisikiki kwetu. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wafundishwe habari zake sambamba na za Bonadonna.