Mlo wa Sikukuu na Hitilafu za Jamaa: Sinema za Kiarabu na Pwani ya Kusini

Katika sinema za Kiarabu, aghalabu zile za Misri, mlo wa jamaa ndipo mahali ambapo mamlaka ya baba, subira ya mama na hamaki za vijana hudhihirika. Na mtazamaji wa Diani au Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, aliyelelewa katika nyumba ambayo siku ya Idi wanaume hula sinia moja barazani na wanawake hula uani, huyafahamu mambo hayo hata kama Kiarabu kinampita.

Misri

Kielelezo mashuhuri ni Bayn al-Qasrayn ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Hassan al-Imam kutokana na riwaya ya Naguib Mahfouz, mshindi wa tuzo ya Nobeli ya 1988. Mlo wenyewe ni staftahi ya kila siku, si wa Idi, lakini taadhima yake yazidi ya sikukuu nyingi: Sayyid Ahmad Abd al-Jawad, aliyeigizwa na Yahya Shahin kwa haiba ya kutisha, huketi na wanawe, wala hapana athubutuye kunyosha mkono kabla yake, na mkewe Amina husimama kando akingoja amri. Baba huyo huyo usiku hustarehe na waimbaji. Na mwanawe Fahmi, aliyejitia kwa siri katika harakati za 1919 dhidi ya Waingereza, huuawa katika maandamano.

Kwingineko

Hitilafu kama hizo zimo pia katika sinema ya Wajib (2017) ya Annemarie Jacir: yahusu baba na mwana wa Nazareth wanaopeleka kadi za harusi nyumba kwa nyumba, majira ya Krismasi, wakizozana njia nzima.

Pwani ya Kusini

Toka Tiwi hadi Vanga, hitilafu za siku ya Idi zina asili mbili. Ya kwanza ni mwandamo wa mwezi: wapo wangojao tangazo la Kadhi Mkuu, na wapo wafuatao Makka, na kwa kuwa kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru ni dhambi, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akimcha Mungu, humwona mwenziwe amekosa. Ndipo pilau ya mdogo hufunikwa kawa hadi magharibi, ili mkubwa ambaye angali amefunga naye apate fungu lake.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mirathi. Kwa ada ya kale ya Wadigo, mali ya mtu ilirithiwa na wapwa zake, wana wa umbu lake, ilhali sharia ya Kiislamu huwapa wanawe. Hivyo sinia ya Idi huweza kuwakutanisha mwana na mpwa wanaodai minazi ile ile, na mgogoro huo haukatwi kwa amri ya baba kama katika sinema ile ya Misri, maana hapa mjomba naye ana kauli.

Hali ya sasa

Mahakama ya Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, husikiza mirathi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wameyakubali mamlaka yake. Mmoja akikataa, shauri huenda katika mahakama nyingine za serikali.