Kezilahabi: Mhakiki Ndani ya Mtunzi wa Riwaya

Wahakiki wengi humgawa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, na kufariki mwaka 2020, katika vipindi viwili: kipindi cha riwaya za uhalisia, yaani zinazosawiri jamii kama inavyoonekana, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), na kipindi cha Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo wakati haufuati mkondo na msimulizi asiye na jina huzunguka kutafuta asichoweza kukitaja. Mgawanyo huo unafaa darasani, lakini huyaacha pembeni maandishi yake ya kitaaluma, ambayo ndiyo yanayoonyesha jinsi alivyotoka huku akafika kule.

Mwaka 1976, akiwa tayari amechapisha riwaya tatu, aliandika tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Uteuzi huo una uzito, kwa kuwa riwaya za Shaaban Robert husimama juu ya imani kwamba wema na ubaya hutengana waziwazi, hata majina ya wahusika yakatangaza tabia zao, ilhali katika Kichwamaji (1974), riwaya ya Kezilahabi mwenyewe, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, hupima kila jambo kwa akili na bado hajiokoi, bali hujiua.

Swali la Kazimoto, la maana ya kuwapo kwa binadamu, lilirudi mwaka 1985 katika tasnifu ya uzamivu aliyoiandika kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Humo alishikilia kwamba fasihi ya Kiafrika imekuwa ikifasiriwa kwa zana za falsafa ya Magharibi, hasa mazoea ya kuigawa dunia katika jozi zinazopingana, na akadai uhakiki uanzie kwenye ontolojia, tawi la falsafa linalochunguza maana ya kuwapo. Nagona, pamoja na wanafalsafa wa Ulaya wanaotokea katika simulizi yake, inasomeka vizuri zaidi tasnifu hiyo ikiwa mkononi, na ni hasara kubwa kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili wameikabili bila msaada huo.

Hata hivyo, riwaya hiyo isifanywe kielelezo tu cha nadharia, wala kisisahaulike kilichopotea njiani. Rosa Mistika, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ilimweka msichana wa Namagondo mbele ya ukali wa baba, bweni la shule na wanaume wenye madaraka, na ikataja kila kimoja bila kificho; katika Nagona na Mzingile hakuna msichana wa aina hiyo, na fikra, kwa upana wake wote, hazijaziba nafasi yake.